Tanuri Halijapoa

Kerubo mwanangu,

Miaka nenda miaka rudi niliwafundisha watoto wa watu kwamba barua ya kirafiki huanza kwa salamu, ikafuata afya, ikafuata hali ya hewa, ndipo mwandishi aseme kilichomkalisha chini. Leo naliruka somo langu mwenyewe. Afya yako naijua: asubuhi ulikula nusu ya kiazi kitamu, ukaacha chai ipoe, na hukunitazama. Hali ya hewa unaiona. Kilichonikalisha chini ni tanuri.

Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga shangazi yako Bosibori, na nyumba imenyamaza. Nimeketi penye meza ya chumba cha mbele, pale nilipokuwa nikisahihishia madaftari, na kupitia dirishani naliona tanuri letu la matofali kule bondeni, chini ya migomba, karibu na mto. Halitoi moshi. Mgeni angesema limepoa. Nimetoka huko sasa hivi. Nililiwekea kiganja, nikakiondoa upesi.

Mambo ya safari siyagusi. Blanketi, dawa ya malaria, pasipoti ikae mfuko gani: mama yako ameyasema yote, mengine zaidi ya mara moja, na hata asingeyasema wewe ungeyajua. Mimi nataka kulijibu swali uliloniuliza jana. Sikulijibu. Nilichukua mwavuli wangu nikaondoka kama mtu aliyekumbuka mkutano.

Tulikuwa tumesimama mbele ya tanuri. Ulinieleza kwamba kichwa cha nyanya yako, ulichokifinyanga kwa udongo wa bonde hili, kimo humo ndani katikati ya matofali yangu. Kwamba kesho unaondoka kwenda Accra, kwenye karakana ile ya wafinyanzi. Kwamba uliwaahidi kuwapelekea kazi moja iliyotoka kwenu, kwenye udongo wenu. Uliomba tutoboe upande mmoja tu, uingize mkono umtoe. Nikasema hapana. Ukasema kama kitapata ufa, ufa utakuwa wako, utasafiri nao. Nikasema hapana tena. Hapo ukanena kwa sauti ndogo, na ningependa ungepiga kelele:

“Tata, siku ile hukungoja. Leo ndiyo umejua kungoja?”

Mwalimu akiulizwa swali zuri hana ruhusa ya kukasirika. Ana kazi ya kulijibu, na kama hana jibu, aseme hana. Nimelala na swali hilo. Jibu ninalo, lakini ni refu, na kinywa changu hakijazoea majibu marefu isipokuwa ya darasani. Ndiyo maana nimeandika.

Siku ile uliyoitaja naikumbuka kuliko unavyodhani. Ulikuwa kidato cha kwanza, umekuja nyumbani kwa likizo. Kabla sijawasha moto uliniomba nafasi kidogo katika tanuri, ukapanga humo ng'ombe wako wa udongo, na wanawake wako wadogo waliobeba vikapu, na kibuyu kimoja chenye masikio ya mtu ambacho sikukielewa na mpaka leo sikielewi. Nilikuruhusu kwa sababu havikuchukua nafasi ya matofali. Kisha lori la mteja likafika kabla ya siku yake. Dereva alipiga honi kule barabarani, na mimi, ambaye nilikuwa nimewaambia vijana wa kazi mara nyingi kwamba tanuri halifunguliwi likiwa na homa, nikawaambia wafungue. Wewe ulikuwa umetumwa dukani. Upepo wa bondeni uliingia ndani ya moto uliokuwa bado umejificha, na matofali yakaanza kulia kama bisi kwenye sufuria. Uliporudi ulikuta nusu ya tanuri ni vigae. Uliokota vipande vya ng'ombe wako ukavitia kwenye sketi. Hukulia. Nikaona nikufariji, nikasema: “Ni tope tu, mwanangu. Tope halijaisha bondeni.”

Nilidhani hayo ni maneno ya faraja. Nimekaa nayo miaka yote hii na sasa ninayasikia jinsi ulivyoyasikia wewe.

Hata hivyo, sikuanza siku hiyo kuwa mtu wa kufungua mapema. Uliyonayo wewe ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa anayo shangazi yako.

Wewe ulikuwa mdogo nyanya yako Kwamboka alipofariki, lakini najua unaikumbuka nyumba yake, kwa maana umeijenga upya mbele ya watu. Ilikuwa ya fito na udongo. Kila mwaka watoto wake walipokaribia kurudi kwa ajili ya Krismasi, yeye alichota udongo mwekundu wa juu na udongo mweupe wa mtoni, akaukanda kwa miguu, akaikandika nyumba yote, kisha kabla haujakauka akapitisha vidole vinne ukutani, mawimbi juu ya mawimbi, kuanzia mlangoni hadi nyuma. Kando ya mlango alikuacha uweke kiganja chako. Kilikuwa kidogo kama jani la mharagwe. Kila mwaka alikandika akikizunguka kiganja hicho, hakukifunika.

Alipofariki, mimi ndiye kitinda mimba wake, na kwa desturi yetu nyumba ya mama ni ya kitinda mimba. Shangazi yako alinijia baada ya mazishi akaniambia kwamba nyumba ya mama haibomolewi; huachwa ichoke yenyewe. Aliomba jambo moja tu: nisiiguse mpaka yeye na dada zetu waje waikandike mara ya mwisho. Nilimwitikia. Lakini nilikuwa nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu, na wageni wa ofisi ya elimu walikuwa waje kunitembelea, na nyumba hii ya matofali ilikuwa imekwisha kuezekwa, na ile ya udongo ilikuwa imesimama mbele yake kama mzee aliyevaa viraka kwenye picha ya harusi. Nilifikiri hivyo, siwezi kukuficha. Asubuhi moja Bosibori alipokuwa sokoni nikaita vijana, wakaiangusha. Kufikia saa nne kazi ilikuwa imekwisha. Fito zilipelekwa jikoni kuwa kuni.

Jioni alipita akitoka sokoni Daraja Mbili, kikapu cha ndizi zilizobaki kichwani. Alisimama penye kifusi. Nilianza kumpa sababu zangu, na nilikuwa nazo nyingi, zenye mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Sawa, Mwalimu.”

Tangu utoto aliniita Ongeri. Alinibeba mgongoni kwa jina hilo. Kuanzia jioni ile nikawa Mwalimu, misibani, harusini, barabarani. Hakunitukana, hakunisengenya. Aliniheshimu, Kerubo, na heshima ile ilikuwa adhabu. Hakuingia tena uani kwetu. Akija kumwona mama yako, walizungumza langoni.

Wewe uliondoka siku ile na kipande cha ukuta. Mama yako aliniambia baadaye kwamba ulikilaza chini ya kitanda mpaka kikageuka vumbi, na kwamba ulipiga kelele alipolifagia. Mimi niliona ni utoto.

Kisha ukakua, na tope halikukutoka. Ulipomaliza shule nilijiambia kwamba kama mtoto huyu lazima afanye kazi ya mikono, basi na ashike jiwe. Kijiji cha Tabaka si mbali, na kila mtu anajua kwamba jiwe la Tabaka linasafiri duniani kote likiwa twiga na viboko na vyombo vya sabuni. Nilikupeleka mwenyewe kwa mchongaji niliyemfahamu. Ulikaa, ukajifunza, ukarudi na twiga mmoja ambaye yuko kabatini mpaka sasa, shingo yake imenyooka vizuri. Nilikuuliza kwa nini hurudi kule. Ukasema, “Jiwe linataka nipunguze, Tata. Mimi nataka kuongeza.” Nikamwambia mama yako kwamba huo ni uvivu uliojifunza kusema.

Ukaenda Nairobi. Ukasoma hiyo sanaa. Siku moja mwanafunzi wangu wa zamani akanitumia picha kwenye simu, akauliza kwa adabu, “Mwalimu, huyu si Kerubo?” Ilikuwa ya chumba cheupe, na katikati amesimama mtu aliyepakwa udongo toka utosini hadi unyayoni, macho yamefumbwa, na watu wamemzunguka wameshika vinywaji. Niliizima simu. Sikumjibu kijana yule, naye alikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Nikakaa wiki kadhaa nikijiuliza ni wapi nilipokosea katika malezi, nikifikiri kosa ni kukuruhusu kupita kiasi.

Sasa nije kwenye siku ya Daraja Mbili, kwa sababu wewe unaijua kwa ndani, ukiwa umefumba macho, na mimi naijua kwa nje.

Ulipotuambia mezani kwamba utaifanya kazi yako sokoni, siku ya soko, kwamba utasimamisha fito na kukandika ukuta mbele ya watu, kisha ujipake udongo uo huo na kuegemea ukuta mpaka vyote vikauke pamoja, na kwamba hutasema neno hata moja, mimi nilitoka nje. Ulidhani ni aibu. Aibu ilikuwepo, sitadanganya. Lakini kilichonitoa nje kilikuwa kingine. Nilipokuwa mwalimu kijana, katika kijiji nilichopangiwa, niliwaona watu wakipita mbele ya nyumba yangu, wengi, kwa mwendo wa haraka, bila kuzungumza. Walikuwa wakienda kwa bibi mmoja mjane ambaye mtu mmoja alikuwa amesema ni omorogi, mchawi. Bibi yule alikuwa ametoroshwa na wanawe mapema, Mungu ni mwema. Nyumba haikutoroshwa. Nilichojifunza ni kwamba umati haupigi kura. Mtu mmoja hutaja neno, na neno likishatoka hakuna anayejua nani alilitoa. Na hapa petu, mwanamke aliyejipaka tope mwili mzima, asiyejibu anaposalimiwa, ni nani atakayengoja aelezwe kwamba ni sanaa?

Hujui hili: nilikuja sokoni kabla yako. Nilivaa suti ili mtu akinitazama aone mtu wa kuheshimiwa. Nilikuwa nimezungumza na mzee mmoja wa kanisa letu mwenye gari, akaliegesha karibu na barabara, uso wa gari ukielekea mjini, naye akakaa ndani. Mimi nilikaa nyuma ya kibanda cha nguo za mitumba, nimeshika mwavuli. Mwenye kibanda aliniuliza kama ninatafuta koti. Nilipanga kila kitu kama mtihani wa taifa.

Ukasimamisha fito zako. Ukaanza kukandika, umevaa lile gauni la gunia. Watu wakaja. Nayaandika maneno yao kama yalivyosemwa, bila kusahihisha.

Kijana wa bodaboda alisema, “Hii ni kanisa gani tena?”

Mwingine akauliza, “Madam, hiyo nyumba ni ya kukodi? Ama unajenga yako na ya bwanako?”

Wakacheka, na mimi nikaona kicheko si kitu kibaya. Ukaanza kujipaka. Mikono, shingo, uso. Kicheko kikapungua. Ukaegemea ukuta ambao ulikuwa umefika kiunoni tu, ukafumba macho, na kicheko kikaisha kabisa. Ukimya ule niliujua. Mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma ya wengine, mwenye kofia, alisema pole pole, kama mtu anayejisemea:

“Mtu mwenye akili hawezi kujipaka hivi. Huyu si mtu mzuri.”

Hakulitaja neno. Alikuwa amelifikia mlangoni. Muuza mboga mmoja akajaribu kulifukuza kwa mzaha, akasema kwamba watu wabaya hawafanyi kazi saa nne ya asubuhi, mchana wao hulala. Wachache walicheka. Wengine walisogea mbele, na nikaona mmoja ameinama akashika kitu chini. Labda alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Nilianza kutembea.

Sikukufikia. Shangazi yako alinitangulia. Kwa hofu yangu nilikuwa nimesahau kwamba Daraja Mbili ni soko lake, kwamba anauza ndizi pale tangu hujazaliwa. Alikuja ameacha ndizi zake bila mtu, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, akapasua ule umati kwa kiwiko. Alisimama mbele ya ukuta wako. Alikuwa ameyaona yale mawimbi ya vidole vinne. Alitazama kando ya fito ya mlango, akaona ulivyoweka kiganja chako, mkono wa mtu mzima sasa, na pembeni yake nafasi umeiacha tupu. Kisha akawageukia watu. Hakupaza sauti.

“Tangu lini mwanamke akakandika nyumba peke yake na wanawake wapo?”

Akafunga leso kiunoni, akachovya mikono miwili kwenye tope lako, akaanza pale ulipoachia.

Wewe ulikuwa umefumba macho. Basi nikuambie nilichokiona. Niliona wanawake wakitazamana. Niliona yule muuza mboga akivua saa yake na kuitia kifuani. Hakuna mwanamke wa Kisii aliyelelewa na mama yake anayeweza kusimama na mikono mikavu mwenzake akikandika. Ni kama kumtazama mtu akibeba jeneza peke yake. Wakaingia. Wakawa wanne, wakawa kundi. Mama mmoja muuza dagaa wa omena kutoka upande wa ziwa alisema kwao pia ni vivyo hivyo, akaingia naye, akawa anasema tope letu lina mawe mengi. Mmoja akaanzisha wimbo wa kazi na wengine wakaupokea. Ikawa egesangio, ule ushirika wa zamani wa kusaidiana kazi ambao mimi niliufundisha darasani kama jambo lililokufa.

Mwanamume mwenye kofia alikaa kidogo, akauliza kama ukuta huo hauhitaji mtu wa kukaza fito. Akapewa kamba.

Walikukandika na wewe. Hilo ulilisikia mwilini, sina la kukuambia. Walikupitishia vidole mabegani kama sehemu ya ukuta, na walipofika usoni shangazi yako alikufuta macho kwanza kwa ncha ya leso.

Kisha akaniona. Nilikuwa nimesimama hapo, suti na mwavuli. Akasema, “Mwalimu, maji.”

Nikaenda bombani. Nikarudi na ndoo, nikarudi tena. Nilivua viatu kwa sababu njia ilikuwa imeloa. Nilipoileta ndoo nyingine wakanionyesha lundo la udongo mkavu, na hakuna aliyekuwa na muda wa kunieleza, nikaelewa. Nikaingia, nikaukanda kwa miguu, suruali nimeikunja. Wanafunzi wangu wawili wa zamani walipita wakanisalimu kwa heshima zote, na nikawaitikia nikiwa ndani ya tope mpaka kwenye vifundo. Nilitazamia aibu ije. Niliingoja kama mtu anayengoja jino liume. Haikuja.

Shangazi yako alikuja kuonja udongo kwa vidole. Alisema, bila kunitazama, “Bado mgumu. Ongeza maji, Ongeri.”

Nikaongeza maji.

Nakuambia haya ili ujue kwamba siku ile, wakati wewe ulikuwa ukikauka, mimi nilikuwa nikilowa. Mzee wa kanisa alichoka kungoja ndani ya gari akaja kuniuliza kama bado tunatoroka. Nikamwambia aende nyumbani. Sijawahi kumwambia mtu maneno mepesi kama hayo.

Jioni mvua ilinyesha na ukuta ukaanza kulegea, na wewe ukasema ndivyo ulivyokusudia. Zamani ningesema ni kazi ya bure. Nilisimama nikautazama ukienda, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi nyumba ya mama inavyochoka yenyewe. Hainyang'anywi kitu.

Udongo uliobaki uliuleta nyumbani ukafinyanga kichwa cha nyanya yako. Hakifanani na picha yake ya ukutani. Kinafanana na yeye alipokuwa akisikiliza mtu anayemdanganya, akimngoja amalize. Ulipokileta bondeni ukaniuliza kama kuna nafasi katika tanuri, uliniuliza kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mbwa. Nililisikia hilo. Nikakutengea katikati, penye moto wa sawasawa, nikayatoa matofali kuipisha sura yake.

Na siku ya kuliziba tanuri, uliona nani aliyekuja. Bosibori alipita lango, akapita mahali palipokuwa na mlango wa mama, akashuka bondeni. Alisema amesikia kuna kitu cha kukandikwa. Akalikandika tanuri pande zote, na kabla halijakauka akapitisha vidole vinne, mawimbi juu ya mawimbi, kwenye tanuri la matofali ambalo litavunjwa na hakuna atakayeliona isipokuwa ng'ombe.

Sasa nakujibu. Ndiyo, leo ndiyo nimejua kungoja. Nimechelewa, na nimejifunzia kwenye vitu vyako, jambo ambalo si haki. Vitu vilivyovunjika vilikuwa vyako na somo likawa langu. Lakini kwa kuwa nimelipata, singeweza jana kulitupa kwa sababu tu wewe uliniomba. Mvua ilizinyeshea kuni, moto ukasuasua, na kupoa nako kumechelewa. Ndani bado kuna homa. Ningetoboa, ungemtoa nyanya yako kwenye upepo, naye angelia kama bisi mbele yako, na ungeondoka na vigae vingine kwenye sketi. Sikuwa na nguvu ya kuona hilo mara mbili. Ukisema nilijifikiria mimi, umesema kweli kidogo.

Huenda humo ndani kimekwisha kupasuka. Sijui. Zamani nisingestahimili kutojua. Ndiko hasa kulikonifanya nifungue vitu. Sasa nashangaa jinsi ninavyolala.

Mnunuzi wa matofali alipiga simu asubuhi. Nimemwambia atafute kwingine. Tanuri litakaa limefungwa mpaka Desemba utakaporudi, na Bosibori amesema atakuwa akilitazama nyufa za nje akipita, kwa maana sasa anapita hapa. Litakuwa limepoa zamani sana wakati huo, najua. Silifungi tena kwa sababu ya moto, nalifunga kwa ajili ya mwenyewe, yaani wewe. Siku ile nililifungua ukiwa dukani. Hili utalifungua wewe. Kama hutaki kungoja kiasi hicho, piga simu useme, nami nitafanya utakavyo bila kusahihisha.

Kuhusu ile ahadi yako: huko nako kuna udongo, na mikono unayo. Wakandikie ukuta. Pengine watasimama na vinywaji vyao wakutazame mpaka ukauke, kama wale wa chumba cheupe, na hakuna atakayeingia. Usiwachukie kwa hilo. Hawakulelewa na mama zetu. Acha nafasi kando ya kiganja chako hata hivyo, kama ulivyofanya sokoni. Ile nafasi tupu, nilitaka kukuambia, niliiona. Baada ya watu kuondoka na kabla ya mvua, niliweka changu.

Nilikuwa nimalizie hapa kwa maneno ya hekima, nilikuwa nimeyaandaa, lakini nasikia sauti zenu njiani. Mmerudi watatu, shangazi yako amekusindikiza, na amebeba mkungu wa ndizi ambao hautaingia kwenye mizigo yako hata kidogo. Mama yako amekuja moja kwa moja jikoni. Nyinyi wawili mmeshuka bondeni.

Nawaona kupitia dirishani. Umesimama mbele ya tanuri. Umeliwekea kiganja, juu ya mawimbi yake.

Umekiondoa upesi. Unakipuliza, unakitikisa hewani, na shangazi yako amekuambia jambo ambalo silisikii kutoka hapa, na umecheka. Sasa umegeuka unatazama dirisha hili.

Naweka kalamu chini, nije huko.

Tata